Upande wa Tatu

Baba yangu ni mkaidi. Nalisema mapema, mtu asije akamhurumia kabla hajajua alichofanya.

Ni fundi wa kujalidi vitabu. Miaka thelathini na miwili amekaa kwenye meza ileile, gundi kushoto, kisu kulia, uzi shingoni, akiwashonea watu vitabu vilivyochanika. Mimi binti yake nafanya kazi naye, na kazi yangu ni kukunja karatasi. Mtaani hakuna anayemwita fundi. Wanamwita Mbrazili, kwa sababu tangu ujana wake anakusanya santuri za muziki wa Brazili, na Kireno hajui hata neno moja. Anaimba hivyohivyo kwa sauti ya juu, maneno ya kubuni, na ukimcheka ananuna siku nzima.

Pesa za mchezo huo hakuwahi kuwa nazo, kwa hiyo alijiwekea taratibu. Hanunui santuri yenye jalada, maana jalada peke yake linapandisha bei mara mbili. Anachukua zilizo uchi, zenye vumbi na mikwaruzo ambazo wengine wanazipita. Anaziosha kwa sabuni ya vyombo kwenye beseni la kufulia, anazipanga kwenye kichanja cha sahani zikauke, na Mama anapotaka kuosha vyombo anaambiwa asubiri. Kisha anazishonea majalada mwenyewe kwa mabaki ya kadi na vitambaa vya kazini. Ukiingia sebuleni kwetu utadhani umeingia maktaba. Sindano ya gramafoni ikirukaruka, anaitwisha sarafu. Mama husema mumewe ana mke wa pili Brazili, afadhali huyo hali wala havai.

Aliyekuwa akimtafutia santuri ni Baba Mdogo, aliyemfuata Baba kuzaliwa. Ana kibanda cha kuuza vitu vilivyotumika: redio, pasi, saa, viti vinavyoyumba. Watu wakihama nyumba, yeye huitwa kuchukua makorokoro. Akikuta santuri yenye maandishi ya Kireno aliificha chini ya meza, na hata mteja aje na pesa mkononi, haipati. Jumapili Baba alikwenda, wakabishana bei mpaka majirani wakatoka kuchungulia, halafu wakacheka na kukaa kusikiliza. Baba Mdogo ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yangu ameshika kiti huku viatu vikimvuka. Nataka mjue ni mtu gani aliyetupwa.

Miaka tisa iliyopita Baba alivunja taratibu zake. Baba Mdogo alipata seti ya santuri mbili ndani ya jalada lake halisi, lenye picha ya mwanamke amekaa dirishani. Baba alipoliona alishikwa. Alijibana miezi mitatu, akaacha chai ya kazini, akawa anakwenda kazini kwa miguu. Siku ya kuchukua, ndani ya jalada mlikuwa na santuri moja. Ya pili, Baba Mdogo alisema, ilibaki kwa waliohama, ataifuata wiki ijayo.

Hapo hapakuwa na neno. Neno lilikuja nyumbani, Baba alipoigeuza santuri. Upande mmoja lebo imeandikwa moja. Nyuma yake, nne.

"Nne?" Baba akasema. "Nyuma ya moja kuna mbili! Hata mtoto wa shule anajua. Huyu kachukua santuri mbovu, kabandika lebo ya nzuri. Mimi gundi naijua!"

Tungeweza kulinganisha nyimbo na orodha ya nyuma ya jalada, ila unyevu ulikuwa umeila. Akaenda kibandani jioni ileile, mbele ya wateja, akamwita mdogo wake mwizi. Baba Mdogo aliapa kwamba ndivyo ilivyotoka kwa wenyewe. Wiki iliyofuata alinipa ya pili nimpelekee Baba. Baba akaitazama lebo: mbili upande huu, tatu upande ule.

"Ona! Na hii nayo kaichezea. Irudishe. Na asiyenitaka ndani ya nyumba hii amfuate huko kibandani."

Nikairudisha. Baba Mdogo aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mwambie baba yako mimi si mwizi." Sikumwambia. Niliogopa, na hilo sijisamehe.

Miaka tisa! Niliolewa, kiti cha Baba Mdogo kikakaa kitupu katika safu ya mbele, na Baba akaweka kofia yake juu yake. Nilijifungua, Mama akasihi walau apelekewe habari, Baba akawasha gramafoni. Nilikuwa mtu mzima mwenye miguu yangu miwili, nikazunguka mtaa wa nyuma kila siku nisipite penye kibanda kile. Kwa heshima, nilijiambia. Heshima gani? Ulikuwa woga, na Baba aliutumia kama anavyotumia gundi, kidogokidogo, mpaka nikanata.

Basi mwezi uliopita tulipata kazi ya vijitabu vya kurasa nne, karatasi moja inayokunjwa katikati. Nilikuwa nimechoka, nikakunja kinyume karatasi nyingi. Baba akaja juu. Ananigombeza mbele ya wateja, mimi, mama wa watoto wawili. Akakwapua karatasi moja, akaikunjua mezani na kuipiga kofi.

"Mara ngapi nikufundishe? Moja inakaa na nne! Upande wa pili, mbili na tatu! Mwenye haraka ataona zimechanganyika. Hazijachanganyika, ndivyo zinavyo..."

Mkono ukabaki juu ya karatasi. Mimi nilimwelewa kabla hajamaliza kujielewa, na damu ikanipanda kichwani. Miaka thelathini na miwili anaweka moja na nne pamoja, kila siku ya Mungu, na mimi nakunja. Sote wawili, watu pekee mtaani ambao tulipaswa kujua.

"Sema," nikamwambia. Sijawahi kumwambia Baba hivyo. "Malizia. Ndivyo zinavyofanya nini?"

"Ndivyo zinavyojipanga," akasema, kwa sauti ndogo.

"Vaa viatu."

Tulikwenda yeye na santuri yake kwapani, mimi nyuma kama askari. Baba Mdogo alikuwa amekaa kibandani anasafisha pasi. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Baba akasimama mlangoni, akasema, "Mdogo wangu, nimekosa."

"Najua," Baba Mdogo akajibu, akaendelea na pasi. "Kuna mteja alinieleza, mwaka wa pili. Kuna mashine za zamani zinabeba santuri mbili kwa mpigo. Inapiga upande wa kwanza, inaangusha ya pili juu yake, inapiga upande wa pili. Unageuza zote pamoja, unapata wa tatu na wa nne. Basi. Hakuna gundi wala wizi."

"Sasa mbona hukuja kuniambia?"

"Nije kwa nani, kaka? Kwa aliyeniita mwizi mbele ya wateja wangu?"

Baba akaulizia ile santuri ya pili. Baba Mdogo akanyoosha kidole ukutani. Alikuwa ameigeuza saa. Mishale inazunguka katikati, na namba kumi na mbili amezichora kwa rangi nyeupe ya mafuta, kubwakubwa, jinsi mtu anavyochora akiwa na hasira.

"Uliporudishiwa," nikamuuliza, "siku ileile?"

"Siku ileile."

Akaitungua, akafungua mishale. Rangi ilikuwa upande wa tatu. Baba alijaribu kuikwangua kwa ukucha, halafu kwa mate, halafu akaacha. Ilikuwa imejaa ndani ya mifereji. Upande wa pili, uliotazama ukuta, ulikuwa safi.

Wakaweka upande wa kwanza kwenye gramafoni ya kibandani. Wakaweka wa pili. Mwanamke yule wa dirishani ana sauti ya chini, kama anamwimbia mtu aliye chumba kimoja naye. Ni nzuri, sikatai. Nilisimama mlangoni na hasira zangu zote, sikuweza kukaa.

Upande wa pili ulipoisha, Baba Mdogo akaitoa santuri, akaigeuza, akatazama namba zake nyeupe. Kisha akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Mwanangu. Wa kwanza wako ana umri gani sasa?"

"Miaka minane."

"Anaendesha baiskeli?"

"Anaendesha, Baba Mdogo. Alifundishwa na jirani."

Akatikisa kichwa, akaiweka ile santuri chini ya meza. Baba akachukua yake na kuweka upande wa nne.