Difu Iliyofuka Moshi Mlangoni kwa Wakwe

Kuna watu Louisville ambao hadi leo wakiniona hawanisalimii kwanza, wananiuliza nimekuja na gari gani, na kabla hamjaisikia habari hii kutoka kwao (wanaitia chumvi, nawajua) heri niwasimulie mwenyewe, ingawa uso unaniwaka.

Nilikuwa nimemaliza chuo Amherst, karibu na Buffalo ninakoishi, nina kazi, nina pikapu kuukuu, na nina mchumba, Neema, ambaye wazazi wake ni Wakongomani wa Kivu waliohamia Louisville. Siku ya kupeleka mahari ilipokaribia, Neema akaniambia bila kumung'unya maneno: "Papa anauliza kama wewe ni mtu wa kukabidhiwa jambo, ama ni wa kuwaza tu." Nikaliwaza swali hilo wiki nzima.

Sasa, difu ya pikapu, yaani kasha la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma, ilikuwa inavuja mafuta, na kubadilisha sili yake, ule mpira wa kuzuia mafuta, lazima ufungue nati kubwa inayobana beringi mbili. Kati ya beringi hizo kiwandani huweka bushi laini inayominyika ukikaza nati, na ukiifungua tena unatia mpya. Mimi nikaamua kuweka badala yake spesa ngumu isiyominyika, ambayo unairekebisha kwa shimu, yaani pete nyembamba za chuma: ukipunguza pete beringi zinabanwa, ukiongeza zinalegea, na unaweza kufungua na kufunga upendavyo. Kwa fundi hiyo ni sifa. Kwa mtu kama mimi ni mtego, maana bushi ile ya kiwandani ingenilazimisha nifunge nikalale, lakini spesa ngumu inakuacha uendelee kuwaza.

Nikafunga, nikapima, ikawa sawasawa. (Mwenye akili zake angeishia hapo.) Kesho yake nikiwa dukani Grant Street nachagua vitenge vya mama mkwe, wazo likaniingia: je, kama iko legelege kidogo, na nyuma kuna kreti za soda, na shangazi yangu yuko ndani? Nikarudi nyumbani, mtaa wa Riverside, nikafungua, nikatoa shimu moja, ile nyembamba kuliko zote, nikafunga bila kupima tena kwa sababu niliogopa kipimo kingenibadilisha mawazo.

Siku ya safari, nilipofika Columbus, Ohio, nilimpakia Shangazi Wanja, dada ya baba, ambaye ndiye angenisemea kwa wakwe. Hatukuwa tumetoka mjini vizuri akageuza shingo.

"Kijana, hii gari yako inaimba?"

"Ni barabara za Ohio, shangazi."

"Mimi nimekaa Ohio kuliko wewe, na hakuna barabara imewahi kuniimbia."

Tuliposimama kujaza mafuta nikagusa difu, nusura niunguze kidole. Nikajua nimezibana beringi kupita kiasi. Nikisema tutachelewa, nikichelewa Papa atajua ni yale yale ya kuwaza tu, kwa hiyo nikaendesha huku nimewasha redio kwa nguvu.

Desturi yenyewe ni kwamba sisi wa upande wa bwana tunasimama nje, tunaimba, tunabisha, na wenyeji wanajifanya hawatujui mpaka wachoke kututania, na mwenye nyumba hatoki hata iweje, anakaa ndani akingoja aletewe wageni. Basi tulipofika mbele ya nyumba, ndugu zangu wako nyuma na magari mawili, majirani wamesimama barazani, difu ikaanza kusaga kama kinu chenye mawe, na moshi ukatanda. Nikazima injini, nikajitupa chini ya gari na suti yangu mpya.

"Moto!" mtu akapiga kelele.

Mlango ukafunguka, akatoka Papa mwenyewe mbio na mtungi wa kuzimia moto, na kabla sijasema ni mafuta tu yanaungua, alikwisha kuubonyeza. Poda nyeupe ikafunika gari, ikafunika vitenge, ikanifunika mimi.

Shangazi Wanja akapiga makofi. "Mmeona wote! Mwenye nyumba ametoka kutupokea! Sisi hatubishi tena!"

"Ah non, mama!" wakapinga wamama wa ndani. "Ile haihesabike! Alikuya kuzima moto!"

"Ametoka ama hajatoka?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Mimi nilikuwa nakohoa. Papa akainama.

"Bon. Uko muzima?"

"Niko mzima, Papa."

"Ile gari ilikuwa na nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, lakini nilichoka. "Ilikuwa sawa. Nilitoa kipande kimoja kwa kuogopa itaharibika na shangazi yuko ndani. Halafu nikasikia inaharibika njiani, nikaogopa kusema."

"Donc, uliiharibisha juu ya kuogopa iharibike."

"Ndiyo, Papa."

Papa akahesabu kwa vidole. "Ile ya kwanza, hata mimi niko vile, uliza mama yake. Ile ya pili, hapana. Siku kitu kinaharibika mu nyumba yenu, unasema siku ile ile."

Akatoa leso yake, akanifuta macho, akanishika mkono kuniingiza ndani, nikiacha nyayo nyeupe kwenye zulia lao. Neema alipoulizwa mbele ya wazee kama ananitaka, alishindwa kujibu kwa kicheko, akaulizwa tena, akasema: "Namtaka, Papa, lakini Buffalo nitaenda na basi."

Nimeapa, nikipima kitu kikawa sawa, naosha mikono naondoka. (Ninajaribu.) Ile nyingine ndiyo ngumu zaidi. Wiki jana friji yetu ilianza kunguruma, nikamwambia Neema kabla sijavua viatu.