Diski Kubwa Isiyobeba Kitu

Nyumbani kwetu Nyamianda kuna kompyuta moja kuukuu iliyokaa sebuleni kando ya televisheni, na kazi yake ni kutunza picha za ukoo. Niliianzisha baada ya mto kuingia ndani na kubeba albamu zote pamoja na kabati lililozitunza. Nilikusanya kila kilichobaki kwenye simu za ndugu: ubatizo, harusi, misiba, na mbuzi mmoja ambaye sijui ni wa nani lakini alipigwa picha nyingi kuliko bibi harusi yeyote. Vyote nikavigawa kwenye diski tatu ndani ya mashine ile. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, na kwa ukoo wetu hiyo inatosha kunifanya fundi wa chochote kinachotumia umeme.

Katika vyote hivyo, kimoja tu kilikuwa na mtu aliyekihitaji kweli. Ni filamu fupi ya mama, niliyoipiga kwa simu huko Kiringye kabla hajafariki. Anatwanga sombe, majani ya muhogo, anamlalamikia baba kwamba hafungi zizi la mbuzi, kisha anainua uso na kumtazama, maana baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Basi. Picha zake nyingine zote zilikwenda na mto. Kila Jumapili baada ya ibada baba alikuwa akilivaa tena koti alilotoka kulivua, anakaa kwenye kiti chake na kungoja niwashe. Masikio yake yamechoka, kwa hiyo lawama hazikumfikia, na nadhani hata mama asingeona jambo geni hapo.

Mtu wa nje atauliza kwa nini sikuinakili filamu ile kwenye funguo ya USB. Niliinakili, tena zaidi ya mara moja. Lakini kwetu funguo ya USB ni mali ya umma. Mtu anaiazima atie mahubiri, nayo inarudi na mahubiri, nyimbo za kwaya na virusi, mama hayumo. Wa mwisho kuiazima alikuwa baba mdogo, ndugu wa baba, aliyefuta kila kitu ili apate nafasi ya hotuba yake mwenyewe.

Halafu diski iliyombeba mama ikaanza kuugua. Ilikwaruza, na filamu ikawa inakwama. Mama akiinua uso tu, picha inaganda, tunangoja, halafu inaendelea. Nikijaribu kuinakili upya, inakataa katikati. Niliogopa sana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hakuna fundi angeweza kuujenga tena. Nikaenda Kavimvira kwa mfanyabiashara anayevusha vyombo kutoka Bujumbura, nikarudi na diski moja kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo.

Mafundi huiita diski ya parite. Haibebi faili hata moja. Inabeba jumla ya zile nyingine, na moja ikifa, jumla hiyo pamoja na zilizosalia hurudisha kilichopotea. Sharti lake ni kwamba isiwe ndogo kuliko yoyote kati ya zile inazozilinda. Ningekaa kimya tungeishi kwa amani, ila mwalimu hawezi kujua kitu asikieleze, nami nikaeleza mbele ya baba mdogo.

Baba mdogo ni mwenyekiti. Ni mwenyekiti wa kamati ya mto, wa kamati ya mazishi, na wa kamati nyingine ambayo hata wanachama wake hawakumbuki iliundwa kwa ajili gani. Aliposikia kuna diski kubwa iliyo tupu, aliitisha kikao cha ukoo. Kwetu kitu kikubwa hakikai bila mwenyewe, na mwenyewe ni lazima awe mkubwa. Alitaka diski ile ipewe filamu ya harusi ya binti yake, iliyopigwa na kamera tatu, moja ikiwa imewekwa kutazama chakula tu. Kwa sasa, alisema, harusi hiyo imebanwa kwenye diski ndogo pamoja na mbuzi, na hiyo ni dharau.

"Iko kubwa kupita zote," alisema, "na weye unasema ndani hamuna kitu. Sasa inatumika kazi gani?"

Nilitamani kumwambia kwamba yeye kuliko watu wote alipaswa kuielewa diski ile, inayokalia kiti kikubwa, isiyobeba kitu, na inayongoja wengine waanguke ndipo iitwe. Adabu ikanizuia. Nikatumia ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Nikamwambia, tuseme kuna wamama watatu, kila mmoja na beseni lake la ndagala, wamepima yote kwa pamoja na wanajua uzito wake. Paka akila beseni moja, unapima mawili yaliyobaki, unatoa kwenye jumla, na unajua kilichopotea ni kiasi gani. Kwa kompyuta, kujua ni kiasi gani ni sawa na kukirudisha chenyewe, kwa sababu ndani yake hakuna kitu ila namba.

"Na ile jumla," aliuliza, "muntu anaweza kuikula?"

Kikao kizima kilimuunga mkono. Shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye mtawala wa sebule yetu, alisema hata yeye hajawahi kuona beseni linaloliwa na paka likarudi. Chai iliisha ikapikwa nyingine. Mwishowe wakakubaliana kwamba diski ibaki tupu kwa sasa, lakini iandikwe kwa jina la mkubwa wa ukoo, yaani baba, na iombewe. Baba, ambaye hakuwa amesikia neno, alikubali kwa heshima. Baba mdogo akaongoza sala ndefu, akamwomba Mungu aijaze diski hii ifurike. Niliitikia amina kwa sauti ndogo, nikitumaini sala hiyo isijibiwe.

Kuandika jumla ile kulichukua muda mrefu, maana mashine husoma kila diski tangu mwanzo hadi mwisho, na ile mgonjwa ilisoma kwa kuburuta miguu, ikikwama inarudia palepale hadi inapata. Umeme ulikatika kama kawaida yake. Niliunganisha betri za sola, nikakataza watu wasichaji simu, na kwa muda ule nilichukiwa nyumba nzima. Hatimaye ikamaliza. Nilijisikia mtu mwenye akili sana.

Nilichosahau ni kitambaa. Sebule ya kwetu haionyeshi kitu kikiwa uchi. Televisheni ina kitambaa cha kufuma, redio ina chake, chupa ya chai ina chake, viti vina vyao mgongoni na mikononi. Wamama wa kanisa walipotangaza kwamba watakuja kumjulia hali baba, shangazi aliitazama mashine yangu ikiwaka taa zake hadharani, akaona aibu kwa niaba ya ukoo. Aliifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kilichotiwa wanga kikasimama. Akaona vumbi linaweza kupita pembeni, akaziba pembeni kwa kingine. Juu akaweka ua la plastiki. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi nilikuwa shuleni. Niliambiwa baadaye kwamba sala ilikuwa nzuri, na kwamba feni ya mashine ilinguruma hadi mama mmoja akasema hata kompyuta ya nyumba hii inaomba. Niliporudi ilikuwa imenyamaza. Niliivua vitambaa vyake, na joto lililotoka lingeweza kukausha ndagala. Diski mbili zilipona. Ile ya mama ilitoa mlio wa tik, tik, na haikusoma tena.

Nilimfokea shangazi, mtu aliyenilea. Alikikunja kitambaa chake polepole, akaketi jikoni akilia bila sauti, na hata hivyo hasira haikunitoka. Jumapili baba alivaa koti lake akakaa. Nilimwonyesha kwa mikono kwamba imeharibika. Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, na akaendelea kukaa pale mbele ya televisheni iliyozimwa hadi muda wake wa kawaida ulipokwisha.

Nilirudi Kavimvira, nikaleta diski nyingine, nikaiweka mahali pa marehemu na kuiamuru mashine ihesabu. Baba mdogo alivuta kiti akakaa kando yangu kusimamia. Mstari ulisogea kidogo kidogo kwenye kioo, na mbuzi akarudi, ubatizo ukarudi, na mwisho faili ya mama ikarudi na ukubwa wake uleule. Nilipiga magoti pale sakafuni, sikuona haya. Baba mdogo aliwatangazia wote kwamba tangu mwanzo alikuwa ameunga mkono kuwa na diski tupu, ni kikao tu kilichochelewesha mambo.

Jumapili iliyofuata tulikuwa wote sebuleni. Shangazi alikaa mbali na mashine, mikono mapajani. Niliwasha. Mama alitwanga, akalalamika, akainua uso, akautelemsha, akaendelea kutwanga. Filamu ilipita laini, bila kukwaruza wala kukwama, nami nilimgeukia baba nipokee pongezi zangu.

"Rudisha," alisema.

Nilirudisha. Alisogea mbele hadi magoti yakagusa meza. Mama aliinua uso, akautelemsha.

"Mbona sasa anapita mbio?" aliuliza. "Zamani alikuwaka anasimama, ananiangalia."

Nilikumbuka kwamba filamu ile ilikuwa imekwama mbele yake Jumapili nyingi, nami nikiona haya kwa sababu ya mashine yangu. Nikachukua rimoti haraka, nikairudisha filamu nyuma, na mama alipoinua uso nikabonyeza. Picha ikasimama pale pale pa zamani, macho yake yakimtazama yeye.

Baba aliangalia kwa muda, kisha akaanza kufungua vifungo vya koti.

"Hapana," alisema. "Hapo ni weye unamusimamisha."