Nondo Nilizozikata Matiliku

Wanaume wa Matiliku walikuwa na maneno. Nilipoanza kuchoma nyama kwenye bucha ya sokoni, miaka ya themanini, waliulizana mwanamke na choma wapi na wapi. Kwetu Ukambani mbuzi alichomwa na wanaume, sisi kazi yetu ilikuwa kupika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, na chai. Lakini mwenye bucha, Muislamu wa kutoka kaskazini mashariki, hakuwa na habari na mambo yetu hayo. Yeye alitaka mchomaji asiyelewa pombe. Mimi nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, tena mlokole. Akanichukua.

Shida ilikuwa jiko. Lilikuwa pipa lililopasuliwa kwa urefu, likawekewa miguu ya chuma, na juu yake wavu wa nondo. Makaa makubwa yalikuwa yakipelekwa mjini, kwa hiyo sisi tulifinyanga chenga za makaa na udongo kidogo, tukapata vidonge vya ukubwa wa ndimu. Vidonge hivyo vikipata hewa, vinawaka mpaka unarudi nyuma. Vikikosa, vinanuna tu. Na vyetu vilinuna. Nyama ilitoka nyeusi nje, ukifika kwenye mfupa, damu. Sahani zilirudishwa dirishani, watu wakisema huo ni mkono wa mwanamke. Mchuuzi mmoja wa mbuzi, mwenye sauti ya kushinda spika ya kanisani, alirudisha yake kila siku ya soko.

Mwenye bucha alivumilia, kisha akaniambia kwa upole, "Mama, soko lijalo likiwa hivi tena, nitatafuta mwanamume." Ule upole wake ndio ulioniuma. Angenifokea ningemjibu, na mdomo ninao.

Fundi aliyetutengenezea jiko alikuwa ameshaongeza matundu chini ya pipa mara mbili, bila kusaidia kitu. Sasa mimi nimezaliwa Kanyangi, baba yangu alichoma matofali, na tangu nikiwa msichana nilimpangia tanuri. Nikiyabananisha alinichapa vidoleni. Acha nafasi ya kidole, alisema, moshi usipopata pa kutokea, hewa nayo haiingii. Nikautazama wavu wetu. Nondo zilikuwa zimesongamana, na juu yake tulijaza nyama ukingo hadi ukingo, kwa sababu mteja wa kwetu akiona jiko lina nafasi wazi anasema bucha imefilisika. Tulikuwa tumeufunika moto gubigubi kama mtoto mwenye malaria.

Nilimwomba fundi aondoe nondo moja, aache moja, mpaka mwisho. Akacheka. "Mama, nyama yote itaangukia majivu." Nikamwambia basi niazime msumeno wa chuma, kucheka utaendelea nako. Nilikata mwenyewe alasiri nzima, viganja vikatoka malengelenge, na wapita njia wakasimama kunitazama kama sinema.

Mwenye bucha alipouona wavu, alishika kichwa. "Umenivunjia jiko."

"Nipe soko la kesho tu," nikasema. "Ikiharibika, nitajifunga leso yangu niende mwenyewe, hutahitaji kunifukuza."

Nilisema hivyo kwa kiburi. Lakini watoto wangu walikula kwa lile pipa.

Asubuhi nilipanga nyama kwa kuachanisha, na ncha zote mbili za wavu nikaziacha wazi. Mwenye bucha alizitazama zile nafasi, akarudi kwenye mizani yake. Moto ukapanda. Moshi ulipita kati ya mbavu ukaenda zake, na vidonge vikawa vyekundu toka upande huu hadi ule. Hakuna kipande kilichoanguka, hata kimoja.

Yule mchuuzi aliagiza mguu mzima, akaketi na wenzake wanne. Nilipoufikisha kisu kwenye mfupa, nyama iliachia yenyewe, imeiva, maji yake safi. Nikaweka ubao mezani, nikabaki pale makusudi.

Kwetu, aliyechoma hukatiwa kipande kabla ya mtu yeyote kula. Miezi yote ile hakuna aliyewahi kunikatia. Mchuuzi alionja kwa macho tu. Kisha akachukua kisu, akakata kipande pale penye mafuta, akaninyooshea mbele ya wenzake wote.

Nilikila nimesimama, polepole, mpaka nikakimaliza. Wakanisubiri.