Gesi ya Wageni

Mtungi ulikuwa mwepesi. Niliuinua kwa mikono miwili nikiwa nimejiandaa kwa uzito wake, ukanijia juu kama ndoo tupu, nusura nianguke nao. Kitambaa cha kufuma kilichoufunika kikateleza, na kikombe chenye maua ya plastiki kilichokuwa juu yake kikapasuka sakafuni, katikati ya sebule ya mama mdogo, pale Sokon I, Arusha.

"Mama, gesi iko wapi?"

Hakunijibu mara moja kwa sababu alikuwa anakohoa. Alikuwa jikoni, ameinama juu ya jiko la mkaa, sufuria ya makande ikitokota, na moshi umejaa hadi nikashindwa kuuona ukuta wa pili. Nilikuwa nimepita kumpelekea ndizi nilizonunua sokoni Ngaramtoni, bila kumpigia simu, kama mtoto yeyote anavyoingia kwao. Nilipouona ule moshi nilikimbilia sebuleni kuchukua mtungi nimwashie gesi.

"Iliisha," alisema alipopata pumzi. "Iliisha wiki ile mliyokuja na mzani."

Niliketi chini, palepale penye vigae vya kikombe.

Huyu mama mdogo ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Kifua kilimwanza miaka michache iliyopita, na daktari alimwambia wazi kabisa: achana na moshi, mama, la sivyo mapafu hayo hayatakuvusha. Aliitikia kwa heshima zote, akarudi nyumbani kupika kwa mkaa, kwa kuwa daktari hakumpa gesi, alimpa maneno.

Mimi kazi yangu ni utafiti. Mradi ninaoufanyia kazi unaangalia nyumba zinatumiaje kuni, mkaa, gesi na maji, kuanzia mitaa ya mjini hadi vijiji vya mteremkoni mwa Mlima Meru ambako miti inazidi kupungua. Tulipangiwa kupima nishati ya kupikia. Kila nyumba iliyochaguliwa ilipewa taarifa mapema, tukafika na fulana zetu na mzani kupima gunia la mkaa na mtungi, na baada ya wiki tukarudi kupima tena. Mtaa ambao bado ungeonekana umezama kwenye mkaa ungepewa majiko ya gesi kwa bei nafuu, na kujaziwa mitungi kwa muda. Nyumba ya mama mdogo ilichaguliwa, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nilijua jibu kabla ya kupima. Mtaa ule mzima unapika kwa mkaa.

Basi tulipofika, mkaa haukuwepo. Nyumba baada ya nyumba tulipokelewa kwa mgeni njoo, mwenyeji apone, tukakalishwa kwenye makochi, tukaletewa chai, mayai na chapati, na jikoni moto wa bluu unawaka. Kwa mama mdogo pia. Nilimuuliza kwa macho, naye akanitazama kama anayemtazama afisa wa serikali. Nikajiambia labda kajinunulia, labda kasikia la daktari. Niliona fahari, tena nikaandika kilo za gesi kwa mwandiko mzuri.

Kitu kimoja tu kilinikera na sikukifuatilia: wiki nzima, katika nyumba zote zile, hatukukuta sufuria hata moja ya makande, mahindi na maharage ya kuchemka nusu siku juu ya mkaa. Arusha! Mwezi wa baridi! Nilipaswa kupiga kelele palepale.

Majibu yalisomwa ukumbini. Mtaa wetu ulisifiwa kwa kuhamia nishati safi, watu wakapiga makofi, na majiko yakapangiwa mtaa mwingine wenye shida zaidi.

Haya yote yalinirudia nikiwa nimekaa sakafuni.

"Na mkaa mliuweka wapi?"

"Kwa jirani."

Jirani mwenyewe alikuwa ameshaingia kusikiliza kilichovunjika. Ni mama mmoja Muislamu, watu wa Kondoa, wamekaa ukuta kwa ukuta na mama mdogo tangu mimi niko shule ya msingi. "Wa kwake ulikuwa kwangu," alisema, "na wangu ulikuwa kwa mwenzangu wa nyuma. Tulizungusha tu."

"Kwa nini?"

Walinitazama wote wawili kwa mshangao wa kweli, kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.

"Mwanangu," alisema jirani, "mgeni anakuja kwako na taarifa ametoa, utampikia kwenye moshi?"

"Ulikuja na watu wa ofisini kwako," alisema mama mdogo. "Nikuaibishe? Waseme huyu kwao wanakaa kwenye masizi?"

Mtungi ule alikuwa akiutunza kwa siku ambazo kifua kinambana kabisa hawezi kupuliza moto. Aliumaliza wote kwa kutukaangia mayai. Nililia. Nililia kwa hasira, nikawagombeza wakubwa zangu wote wawili, nao wakaniacha niseme hadi nikachoka, kisha wakanipakulia makande.

Kesho yake nilikwenda kwa kiongozi wa utafiti. Ni mtu wa Dar, mpole, anayevaa koti hata jua likiwaka. Nikamwambia takwimu zetu za mtaa ule si za kweli.

"Si za kweli vipi? Si mlipima wenyewe?"

"Tulipima heshima, mzee. Hatukupima mkaa."

Alicheka, halafu akaona sicheki. Akasema hawezi kurudisha majiko kwa neno langu, tena kwa ajili ya nyumba ya mama yangu, watu wangesema nini? Ila angekuja kujionea mwenyewe kwa macho yake. Hilo lilikuwa haki, nikamshukuru.

Na hapo nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najishika kichwa. Nilimpigia mama mdogo simu kumwambia. Wewe unampelekaje mtu mzima, tena mkubwa wako wa kazi, nyumbani kwa watu bila taarifa? Haikunipitia hata akilini kwamba inawezekana. Nilimsihi sana, nikamwambia mama, acha kila kitu kilivyo, pika kama unavyopika siku zote, auone moshi, akiuona tu majiko yanarudi. Akanijibu kwa sauti ya utulivu kabisa, "Nimekuelewa, mwanangu."

Tulipofika, nyumba ilikuwa imepigwa deki, mkeka wa mlangoni umebadilishwa, na mama mdogo amevaa gauni lake la kanisani. Nikaenda jikoni moja kwa moja. Moto wa bluu. Mtungi mwingine kabisa, wa rangi nyingine.

"Mama! Tuliongea nini?"

"Shusha sauti," alininong'oneza huku akigeuza chapati. "Ni bosi wako. Ulitaka nimpikie bosi wako kwenye moshi?"

Sebuleni kiongozi alikuwa anasifia chai, na jirani anamuuliza habari za Dar. Akakisikia kikohozi kutoka jikoni, akauliza kwa upole, "Kifua hicho, mama?"

"Vumbi tu, baba yangu. Karibu chapati."

Sikujua kama nina hasira kiasi kile. Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Nilimjua yule mama, nilijua jiko haliko mbali. Nilikuta karai limefunikwa nyuma ya banda la kuku, nikalifunua, jiko likiwa chini yake na mkaa bado mwekundu. Nikalishika kwa kanga, nikaingia nalo ndani, nikapita mbele ya mama mdogo, nikalitua juu ya sakafu iliyopigwa deki, mbele ya viatu vya kiongozi wa utafiti.

"Hili ndilo jiko la nyumba hii," nilisema. "Ule mtungi wa jikoni muulize mwenyewe ni wa nani."

Jirani aliinamisha kichwa. "Ni wangu," alisema.

Moshi ukaanza kupanda sebuleni. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya chapati, akakohoa hadi sahani ikaanza kutetemeka, na jirani akainuka kuipokea. Kiongozi alivua koti lake taratibu, akalishika jiko kwa lile koti, akalitoa nje. Aliporudi alimwambia mama mdogo pole, halafu akaketi akala chapati zote alizowekewa. Kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Mtaa ulipimwa upya, safari hii bila taarifa, na mkaa ukakutwa kila nyumba. Majiko yakarudi. Mama mdogo alipata jiko la sahani mbili na mtungi uliojaa.

Lakini siku ile ya jiko, mgeni alipoondoka, mama mdogo aliniambia neno moja tu. "Umenivua nguo, mwanangu." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Zamani nikifika nilikuwa naingia jikoni, navuta kigoda, natupiwa vitunguu nimenye. Sasa nikisukuma mlango ananipokea mkoba. "Karibu mgeni," anasema, hacheki, ananikalisha kwenye kochi. Nikiinuka kumfuata ananirudisha. Kisha nasikia kiberiti, nasikia gesi inaanza kuvuma, na chai inaletwa kwenye vikombe vya kabatini.

Nilidhani angalau kifua kimepona. Jirani ndiye aliyenishtua tena, langoni, siku moja nikiondoka.

"Wewe ukitoka tu, anarudi kwenye mkaa wake. Anasema gesi ni ya wageni."

Nilisimama pale nikiutazama Meru umejifunika mawingu. Utafiti wote ule, na mizani, na vikao.

Tangu hapo naenda kila ninapoweza. Naenda asubuhi kabla ya kazi, naenda jioni, naenda Jumamosi sina hata sababu. Naketi sebuleni nimenyooka, mikono mapajani, nasubiri chai kama mtu asiyeijua nyumba. Kikohozi kimepungua kidogo. Jikoni siingii, na siombi tena kuingia.