Bonde Ambalo Sikuwahi Kulikanyaga

Kosa ni langu. Si la mvua, si la mto, wala si la shetani. Nalisema mapema ili usinihurumie kabla sijamaliza.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa upande wa Malakisi, karani wa stoo ya mbegu hapa Kitale. Tangu ujana miguu yangu haitulii. Nikiona kilima, nataka kujua nyuma yake kuna nini.

Marehemu baba alikuwa mpasua mbao katika vilima vya Cherangani. Niliishi naye huko mpaka darasa la nne, kisha kiwanda cha mbao kikafungwa tukarudi nyumbani. Lo, jinsi nilivyopakumbuka! Hadi leo harufu ya mbao mbichi ikinipata njiani, nasimama na kusahau nilikokuwa nikienda.

Basi nikaamua kurudi kwa miguu, peke yangu, siku tisa kwenda na kurudi, bonde baada ya bonde, mpaka pale kiwanda kilipokuwa.

Nilipanga kwa miezi mitano. Viatu nilivivaa kila Jumapili hadi Kiminini na kurudi, mpaka vikazoea mguu. Mzigo niliupima kwenye mizani ya stoo: njugu za kukaanga, unga, sukari nguru, sufuria ndogo, karatasi ya nailoni ya kujikinga na mvua. Nilikuwa na daftari zima la vijito na vijia. Nadhani sijawahi kufurahi hivyo.

Aliyenicheka zaidi ni Wafula. Hilo si jina lake, lakini nitamwita hivyo. Tulitahiriwa pamoja, na kwetu watu wa namna hiyo wanaitana bakoki. Bakoki si rafiki tu. Anaweza kukutukana mbele ya mama mkwe wako na usikasirike. Na ukiwa shidani, hana ruhusa ya kukaa.

"Bakoki," aliniambia siku moja nilipomtembelea kwake Ndalu, "mtu anatembea siku tisa na hajapoteza ng'ombe? Hajafukuzwa na bibi? Wewe umerogwa bana!"

"Nataka tu kutembea."

"Basi twende wawili. Nitakubebea hata hiyo sufuria yako ya mtoto."

"Nataka kuwa peke yangu."

"Peke yako ni ya kuenda choo!" akasema, akacheka mpaka akashika mbavu.

Mke wangu hakucheka. "Cherangani hapana," alisema. "Huko hatuna mtu. Ukivunjika mguu nani atanipigia? Enda Suam, kuna binamu yangu anauza maharagwe. Baba Nekesa, ukienda Cherangani usinikute hapa."

Sasa sikiliza nilichofanya.

Nilikata ukurasa kutoka kwa daftari nikaandika safari nyingine. Siku ya kwanza Endebess. Siku ya pili Suam. Na kwa sababu mtu anayejua nilivyo asingeamini kwamba naenda kutembelea muuza maharagwe tu, nikaongeza bonde. Nilifungua ramani nikaweka kidole juu ya bonde moja la mto, mbali ndani ya Mlima Elgon. Sikulijua kabisa. Niliandika: "Siku ya tatu hadi ya tano, bondeni. Jioni ya tano nitapiga simu." Nikampa mke wangu. Wafula akapiga ukurasa huo picha kwa simu yake.

Sikutaka mtu anifuate! Hiyo tu ndiyo sababu. Nilitaka kuwa mahali ambapo hakuna anayejua nilipo. Wakati huo niliuona kama uhuru.

Nikaenda Cherangani.

Sitakudanganya, siku nne za kwanza zilikuwa tamu. Ukungu unalala chini mabondeni, wewe uko juu, unasikia tu kengele za kondoo usiowaona. Nilipofika kiwandani nilikuta nyasi, na gurudumu moja la chuma lenye kutu. Nililia kama mtoto, na kilio hicho pia kilikuwa kitamu.

Siku ya tano mvua ilianza. Mama mmoja wa boma la karibu alinikaribisha, akanipa maziwa ya kibuyu na kiti cha kuotea moto. Hapakuwa na netiweki.

"Ya simu ni kupanda pale," alisema, akionyesha ukingo wa mlima. "Kama saa moja hivi."

Saa moja tu! Nikatazama mvua, nikatazama moto, nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Nilikuwa nasimuliwa habari za wapasua mbao wa zamani, na wengine niliwakumbuka. Sikupanda.

Asubuhi ya siku ya nane ndipo nilipopanda, jua limetoka. Nikawasha simu. Ujumbe ukaingia mmoja baada ya mwingine, simu ikitetemeka mkononi kama kitu kinachotaka kutoroka.

"Uko wapi?"

"Binamu anasema hajakuona Suam."

"Wafula amekuja, ameenda kukutafuta."

"Baba Nekesa, Wafula ameingia hilo bonde. Mto umejaa. Umeonana naye?"

Unajua wazo langu la kwanza lilikuwa nini? Nitasema, maana nimeahidi kusema yote. Halikuwa Wafula. Niliwaza, watajua nimedanganya! Nikaandika: "Niko salama. Natoka bondeni sasa."

Walimpata siku hiyohiyo mchana, chini ya kivuko cha magogo, mto umemlaza kwenye mchanga. Alikuwa amevaa koti langu la zamani.

Kwenye mazishi Ndalu nilisimama, maana bakoki lazima aseme. Nikawaambia watu sikupitia Suam, nilikata moja kwa moja hadi bondeni, na mimi na Wafula tulipishana kwenye ukungu. Nikawaambia pengine alipita hatua mia kutoka nilipolala. Uongo mtupu! Na watu wakanifariji. Wazee wakanishika mkono. Mke wangu akalia begani mwangu, akimshukuru Mungu kwamba angalau mmoja alirudi.

Tangu siku hiyo nasikia mtu akiniita. Ni mchana, niko stooni, mashine inakausha mahindi kwa kelele, na ndani ya kelele hiyo nasikia jina langu la utotoni, lile ambalo bakoki tu analitumia. Huwa nazima mashine. Wafanyakazi wanauliza, "Nini, karani?" Nawaambia nilidhani kuna simu.

Miezi mitatu baada ya mazishi, mjane wake alikuja Kitale. Nitamwita Mama Simiyu. Hakukubali hata chai.

"Shemeji, nipeleke. Nataka kuona mahali. Wewe ndiye unapajua."

Ningekataaje?

Tulikwenda. Nilitangulia mbele kwenye njia ambayo sikuwahi kuiona maishani mwangu. Kwenye njia panda nilisimama, nikajifanya nafunga kiatu. Mara mbili niliuliza watu.

"Shemeji, si ulipita hapa?" aliniuliza.

"Kulikuwa na ukungu sana."



Karibu na mto tulimkuta mwanamke akichimba viazi. Mama Simiyu akajitambulisha. Yule mwanamke akatupa jembe, akamkumbatia, akalia naye. Kisha akanitazama.

"Na huyu?"

"Ndiye marehemu alikuwa anamtafuta," Mama Simiyu akasema. "Alikuwa huku siku tatu."

"Huyu?" Mwanamke akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Wapi! Hapa ata kuku ya mtu ikipotea tunajua imelala kwa nani. Huyu hatujawai muona. Tulimwambia marehemu, rudi, mto umejaa, hakuna mtu amepita hapa. Akakataa. Akasema, 'Bakoki yangu ameandika atapita hapa. Yeye si mtu wa kuandika uongo.' Akaenda akiita, akiita. Tulimsikia mpaka mvua ikafunika."

Mungu wangu! Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Simiyu alikaa juu ya jiwe. Aliweka mikono mapajani, akiutazama mto.

"Ulikuwa wapi?"

"Cherangani."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Nikapiga magoti kwenye matope. Nikamwambia nitarudi Ndalu niseme mbele ya ukoo, mbele ya kanisa, wanifanye wanavyotaka. Niliona kama mlango umefunguka hatimaye.

"Hapana," akasema. "Usiniletee hiyo. Watoto wangu wanajua baba yao alikufa akiokoa mtu. Simiyu ameandika hivyo kwa insha, mwalimu akaisomea darasa lote. Sasa wewe unataka nikawaambie kwamba hakukuwa na mtu?"

Nikabaki nimepiga magoti.

"Utakuwa huyo mtu," akasema. "Kila mwaka utakuja nyumbani, ukae kwa kiti, watoto wakuone kwamba baba yao hakufa bure. Na usiniombe msamaha tena. Sina." Akainuka, akamwomba yule mwanamke amwonyeshe kile kivuko. Nilipotaka kuwafuata alisema bila kugeuka, "Wewe baki hapo."

Hiyo ndiyo hukumu yangu. Nimeshakwenda mara mbili. Simiyu hunipa kiti kizuri, hunimiminia chai, hunitazama kama mtu aliyetoka kaburini kwa nguvu za baba yake. Mke wangu hajui. Ndiyo sababu nimebadilisha majina na mambo machache, nikaja kuungama kwenu nyinyi nisiowajua.

Wewe unayepanga safari yako, ukipima mzigo na kuzoesha viatu, nakuelewa kuliko watu wa nyumbani kwako. Tembea. Lakini sema ukweli unakoenda, hata kama utakatazwa, hata kama utanuniwa. Na ukisema utapiga simu, panda hicho kilima upige, mvua inyeshe au isinyeshe!

Mimi nilidhani nikichelewa, watu watasubiri tu. Sikujua kuna mtu angeacha shamba lake katikati ya kupanda, aingie kwenye mvua na kuita mpaka sauti iishe.

Hata wewe unaye mtu kama huyo. Usidhani huna. Atakuja.