Mnavu wa Zizini

Nakumbuka siku moja ya palizi ya mpunga kule Idete, nikiwa bibi harusi wa wiki tatu tu. Mwanangu, nilikuwa na maringo mimi. Mama mkwe alinituma mboga, akaniuliza kama mnavu naujua. Nikamjibu, "Naujua, mama." Kwetu milimani Mahenge kila jani laini lililoota zizini tuliliita mnavu. Basi nikaenda kwenye zizi walilohama wafugaji, nikakwanyua mafungu kwa mafungu bila kutazama. Haraka haraka haina baraka, lakini mwali anayetaka sifa utamwambia nini?

Nikapika, nikaunga kwa karanga. Wifi yangu wa miaka minne alishakaa mkekani, tonge mkononi. Mama mkwe akarudi kutoka shambani, akapita nyuma ya jiko nilikotupa mabua, akaokota moja. Lilikuwa na tunda la miiba. Aliingia mbio akamshika mtoto mkono kabla tonge halijagusa mboga.

Kumbe nilichanganya na mnanaha, mmea wa sumu. Huo humpagawisha mtu mzima, sembuse mtoto.

Nikangoja matusi. Yeye alibeba chungu, akaifukia mboga yote shimoni kuku wasije wakala, kisha akawaambia wanaume waliporudi palizini, "Leo ni ugali kwa chumvi. Mboga imeungua." Tulipobaki wawili akasema, "Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ungeniuliza, ningekucheka siku moja. Huyu mtoto ningemlilia mpaka naingia kaburini."

Kesho yake tulienda pamoja zizini. Akanifundisha kung'oa shina zima, kutazama ua na tunda, kufikicha jani na kulinusa. Mnanaha unanuka vibaya, nikakunja uso, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo nilimpenda kama mama aliyenizaa.

Siku hizi mnanionyesha majani kwenye simu. Simu hainusi, mwanangu. Chuma aina moja kwa safari moja, na usichokijua kiache porini, hata ukiona mbuzi anakila. Tunguja bichi nayo, yenye sumu, utadhani ngogwe, zile nyanya chungu za mboga, kwa hiyo muulize mwenyeji, hata akiwa mdogo kwako. Wanaokaa mkekani kula ulichochuma hawakuulizi kitu, wanakuamini tu.

Mungu akupe mikono ya kuchuma na mdomo usioona haya kuuliza, na wote uliowapakulia jioni uwakute asubuhi wazima.