Pete Isiyo na Ukuta

Basiketi niliyoicheza Bukavu nikiwa msichana wa sekondari ilikaa mwilini mwangu kuliko hesabu na jiografia. Tulicheza juu ya saruji, kilimani, ziwa likionekana kule chini, na mpira ukitutoroka tuliufuata mpaka kwenye migomba ya masista. Mwaka tulioingia fainali sikuicheza, kwa sababu wiki hiyohiyo nyumbani tulifunga mizigo. Tangu hapo nimehama sana: Uvira, Kigoma, kisha kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na hata ndani ya Dzaleka nimebadilisha vijumba kama mtu anayebadilisha kitambaa cha kichwa. Karibu kila nilichokianza nilikiacha katikati. Kwa hiyo wanawake wa kanisa letu walipoanzisha timu ya mpira wa pete, ikasemwa tutakwenda Lilongwe kucheza na wanawake wa kanisa moja la Chilinde, nilitaka kitu kimoja tu: niingie uwanjani, na filimbi ya mwisho inikute bado nimo.

Nimeshapita arobaini. Wenzangu wengi ningeweza kuwazaa.

"Mama, we utatupikia nsima," alisema mshonaji mmoja Mrundi, msichana mrefu aliyesoma shule ya msingi hapahapa wilayani Dowa na kucheza mpira wa pete tangu akiwa na meno ya utoto. "Kila timu inataka mpishi."

"Nitapika ugali huo, nitakula, halafu nitafunga magoli," nilimjibu.

Kocha wetu alikuwa kiongozi wa kwaya, mama wa Bukavu kama mimi. Sheria za mchezo alizipata kwa kuwatazama wasichana wa shule wakicheza. Mengine yote aliyatoa kwenye kwaya. Kwake, miendo ya uwanjani ilikuwa ya aina mbili tu.

"Kuko solo na kuko kuitikia," alituambia siku ya kwanza. "Kutupa mpira kwenye pete, ile ni solo. Pete haiko nakimbia. Bantu bote banakungoja, unaanza wakati roho yako inapenda. Lakini kushika pasi, kukata pasi ya mpinzani, ile ni kuitikia. Mwingine njo anaanzisha. Ukichelewa kidogo, wimbo umeshapita."

Basi tukafundishwa kama sauti za kwaya, kila kipande peke yake. Kushika, tukashika mpaka viganja vikawasha. Kutua, tukatua. Kugeuka, kutoa pasi. Baadaye ndipo alipoviunganisha, na hapo tulianguka mmoja baada ya mwingine kama magunia ya mahindi. Mama mmoja wa sauti ya soprano aliruka vizuri sana, juu kabisa, kisha akiwa kule juu akakumbuka kwamba kuna mikono. Mpira ulimpiga kwenye paji la uso. Kocha akakaa chini kwenye vumbi akicheka, na kuanzia siku hiyo akaamua kwamba kuruka na kushika ni sauti moja, haikatwi.

Shida yangu mimi ilikuwa kutua. Katika mpira wa pete ukishika mpira unasimama hapo ulipo, hukimbii nao, hudundishi ukaendelea. Miguu yangu haikujua habari hiyo. Nilikuwa naupokea mpira na kabla sijafikiri nimeshaudundisha, pa, pa, pa, nakimbia, nafurahi kama nina miaka kumi na sita, huku timu nzima imesimama inaniangalia.

"We, uko natwanga sombe ama uko nacheza?" kocha alipiga kelele; sombe kwetu ndiyo kisamvu.

"Si mimi! Ni miguu!"

"Iambie miguu tuko Malawi!"

Lakini kwenye pete nilikuwa malkia. Uwanja wetu ulikuwa na pete moja, aliyoichomelea fundi wa mageti na kuipachika moja kwa moja kwenye ukuta wa tofali wa kanisa, kwa kuwa mlingoti wa kwanza uliliwa na mchwa. Mimi nilipiga mpira ukutani, nao ukashuka ndani ya pete kama mtoto anayeitwa kula. Kila jioni, karibu kila mpira. Mshonaji alitupa kwa mtindo wake, juu sana, kama mtu anayerusha embe kwa jirani aliye darini, na mara nyingi alikosa. Kwa hiyo kocha alinipa mimi kizibao cha mfungaji, na yeye akapewa cha beki wa katikati. Nilikifua kizibao kile kwa sabuni nzuri na kukikunja chini ya mto.

Siku ya safari tulipanda matola, nyuma ya gari la mizigo, tukiimba njia nzima mpaka sauti zikatukauka kabla hatujacheza. Uwanja wa Chilinde uko pembeni mwa soko. Upande mmoja wanauza nyanya, upande mwingine kaunjika, yale marundo ya nguo za mitumba. Na pale katikati niliiona pete: juu ya chuma chembamba, na nyuma yake hewa tupu.

Hata hivyo sikushtuka. Nilipata mpira, nikatulia, watu wote wakaningoja, solo yangu. Nikatupa pale ninapotupa siku zote. Mpira ukapita juu ya pete kwa adabu, ukaenda zake, ukatua kwenye nyanya.

"Pepani, amayi!" nilimwomba radhi mwenye nyanya.

Wa pili ukaangukia kaunjika. Muuzaji akaupanga kati ya koti na suruali kana kwamba nao unauzwa, na watu wakaanza kuulizana bei. Wa tatu nao ulipopita juu ya pete ndipo mshonaji alipoelewa, akashika mbavu zake.

"Mama! Ukuta tumeuacha Dzaleka!"

Wenzetu walianguka kwa kicheko, na mimi pia nilicheka. Wakati wa mapumziko kocha alinyoosha mkono. "Leta kizibao. Utapumzika."

"Usinitoe."

"Solo imekataa, mama."

"Basi niweke kwenye kuitikia. Ni nani anakata pasi zenu zote kule mazoezini?"

Alimwangalia mshonaji. Mshonaji alikuwa ameshavua kizibao chake ananipa, macho yake yako kwenye pete.

Hapo nilirudi Bukavu. Mchezaji akitaka kutoa pasi, bega lake linasema kabla ya mkono, na bega la Chilinde linasema lugha ileile ya bega la Bukavu. Niliingia katikati, nikakata moja, nikakata nyingine. Binti mmoja wao aliyekuwa akinipita kwa urefu alibaki na mikono mitupu akinikodolea macho: "Amayi awa!" Mama huyu! Mshonaji naye alikuwa anarusha maembe yake, na sasa yalikuwa yanaingia.

Nilianza kupumua kama mvukuto. Nikamwona kocha akiniita kwa mkono, nikajifanya sioni. Akamwendea refa.

"Yule mama anaumwa! Simamisha, tumtoe!"

"Siumwi!"

"Toka, utakufa!"

"Nitakufia humuhumu ndani!"

Refa alicheka hata filimbi ikamtoka mdomoni. Hakusimamisha. Nikakimbia, nikadundisha mpira mara moja kwa bahati mbaya, nikaadhibiwa, nikakimbia tena, na ghafla filimbi ndefu, ile ya mwisho, na mimi nimesimama katikati ya mistari na kizibao kifuani.

Nilipiga vigelegele mpaka wauza nyanya wakasimama. Niliruka, nikamkumbatia yule binti mrefu wa Chilinde, naye akawa ananipigapiga mgongoni kwa huruma.

"Amayi, mwaluza!" Mmeshindwa, mama!

Kocha alikuja mbio. "Mama, tumepigwa! Unashangilia nini?"

"Najua tumepigwa," nikasema, na nikaendelea kupiga vigelegele.